Namba Tisa Nilizomwekea Meneja

Jirani yangu hapa Kigera anachomelea geti tangu Jumatatu. Kila fundi akigusa chuma, harufu inaingia dirishani kwangu, ile harufu ya chuma kilichoungua na rangi iliyobabuka, na mimi naacha nilichoshika. Kuna watu harufu ya mvua inawakumbusha bibi zao. Mimi harufu ya kuchomelea inanikumbusha mwanamume mmoja wa Bunda ambaye sijamsamehe na sina mpango huo. Nasema mapema, ili asiyependa habari za kinyongo aachie hapa akaendelee na shughuli zake.

Tulikuwa tunaishi Bunda, mama na mimi, kwenye chumba kimoja nyuma ya kituo cha kompyuta. Jengo lenyewe zamani lilikuwa ghala la pamba. Hata baada ya kupakwa chokaa na kuwekewa meza, ukifagia pembeni ulikuwa unapata mbegu za pamba zenye manyoya yake. Mama alikuwa mpishi wa kituo. Uji saa nne, ugali na dagaa saa saba, siku njema ugali na samaki wa furu. Chumba chetu kilikuja pamoja na kazi hiyo, na zaidi ya hapo hatukuwa na kitu. Baba alifariki mimi sijaanza hata kutembea. Kwa hiyo mtu akigusa kazi ya mama alikuwa amegusa na kitanda chetu.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka kompyuta zilivyokuwa zinaheshimiwa enzi zile. Mlangoni unavua viatu. Ndani kila mashine imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama kochi la mgeni. Ukutani kumeandikwa USIGUSE, na hicho ni chumba cha kujifunzia kugusa! Mwanafunzi anakaa wiki mbili anaandika kwenye daftari sehemu za kompyuta kabla hajaiona ikiwaka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nawazidi wote, maana kazi yangu asubuhi ilikuwa kufuta vumbi.

Kati ya zile mashine moja ilikuwa ya kutachi, yaani skrini yake unaigusa kwa kidole. Wafadhili ndio walioileta, na kila wakipiga simu walikuwa wanaulizia hiyo hiyo. Fundi mmoja alikuja kutoka Mwanza akakaa nayo siku mbili. Haikuwa na Windows, ilikuwa na Linux, na draiva ya kutachi ilimtoa jasho kwelikweli. Nilikuwa nampelekea chai. Alikuwa anaandika maneno kwenye dirisha jeusi la amri ndani ya skrini, anaguna, anafuta, anaandika tena, mpaka siku ya pili mchana alipoweka kidole kwenye skrini na kamshale kakakimbilia pale pale kidole kilipo. Alipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko. Akaniambia na mimi niguse. Nikagusa, ikatii. Siku hiyo nilijiona mtu.

Fundi alipoondoka, Meneja akaanza kuogopa wezi.

Meneja alikuwa msimamizi wa kituo. Alikuwa anavaa suti ya kaunda na kalamu tatu mfukoni, na nadhani mbili kati ya hizo hazikuwa na wino. Alikuwa mtu wa kusemasema sana kwenye mikutano. Akamwita mchomeleaji atengeneze kizimba cha nondo, kipigwe ukutani, skrini ikae ndani isibebeke. Mchomeleaji akafanya kazi yake kutwa nzima, kituo kizima kikanuka chuma. Kizimba kikapigwa rangi nyeusi, kikasimikwa na zege. Wakati wa kuingiza skrini ndipo ikaonekana kwamba tundu la waya limeachwa juu, na waya wa skrini unatokea chini, halafu ni mfupi. Kukata tena zege hakuna aliyetaka. Meneja akasema, "Igeuze tu." Wakaigeuza, miguu juu kichwa chini, waya ukafika. Mchomeleaji akafunga mlango wa kizimba akaenda zake.

Sasa picha nayo ikawa imepinduka. Meneja akapekuapekua kwenye mipangilio, akabonyeza hiki, akabonyeza kile, picha ikageuka ikasimama vizuri. Akajipiga kifua. "Mnadhani mpaka aje mtu wa Mwanza?" Nilikuwepo, niliyaona yote kwa macho yangu haya, na sikuelewa hata moja. Mtoto akiona picha imesimama wima anajua mambo yako wima.

Asubuhi yake nikaja na kitambaa changu. Mikono ya watu wazima haikuwa inapita vizuri kati ya zile nondo, wangu ulikuwa unapita. Nikafuta, nikaona neno KARIBU juu kabisa upande wa kushoto, nikaligusa. Kamshale kakaruka chini kulia. Nikagusa chini, kakapanda juu. Nikapeleka kidole kushoto, kenyewe kanakwenda kulia.

Hapa lazima niwaambie kwamba mimi ni wa mkono wa kushoto. Kwa watu wetu hilo halikuwa jambo dogo. Ukimpa mkubwa kitu kwa kushoto unachapwa, ukila kwa kushoto unaondolewa sahani. Nilikuwa nimeambiwa tangu nina akili kwamba mkono ule unafanya mambo kinyume. Na sasa nilikuwa nimeigusa skrini kwa mkono ule, na skrini inafanya mambo kinyume. Kwa akili zangu za miaka kumi na moja hesabu ilikuwa imekamilika. Nilikuwa nimeiambukiza.

"Umeifanya nini?" Meneja alikuwa nyuma yangu.

"Nimegusa tu, shikamoo."

"Kwa mkono upi?"

Nikanyoosha wa kushoto. Wanafunzi walikuwa wameanza kuingia, wanavua viatu mlangoni. Meneja akaushika ule mkono kifundoni akaunyanyua juu wote wauone. "Oneni! Mashine ya wafadhili! Imekuja nzima kutoka ng'ambo, imekuja kufa kwa mkono wa mtoto wa mpishi!"

Nililia, na nikakubali. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo kuliko kunyanyuliwa mkono. Nilikubali. Niliposikia anamwambia mama, nilikuwa nimesimama pembeni natikisa kichwa kwamba ndiyo, ni mimi, ni kweli. Kumbe yeye alishaijaribu jioni ile ile baada ya mchomeleaji kuondoka, akaona inavyomruka, akajua kabisa kwamba jana ilikuwa nzima na leo amefunga kizimba. Alikuwa anatafuta wa kumtwisha, na nikamletea mwenyewe, na kitambaa cha vumbi mkononi.

Mama alipiga magoti, mama yangu, aliyekuwa hapigii mtu magoti. "Meneja, huyu ni mtoto. Mnichape mimi."

"Mama Wakuru, siwezi kuweka mkosi kwenye kituo. Kesho saa sita chumba kiwe wazi."

Kesho saa sita kilikuwa wazi.

Tukahamia Butiama kwa bibi. Mama akarudi kwenye jembe, kwenye mihogo ya watu, mikono yake ya unga ikaota sugu. Hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Mimi nikachana pindo la kanga nikaufunga mkono wangu wa kushoto ubavuni, nikawa nakula kwa kulia, namwaga mboga, naandika kwa kulia mwandiko kama wa kuku. Bibi aliniangalia siku tatu. Siku ya nne akachukua kisu cha kuchambulia mboga akakata ile kanga.

"We mtoto, nani kakudanganya? Babu yako alikuwaga anakamua ng'ombe kwa mkono huo huo, na maziwa hayakuganda kabla ya wakati. Toka hapa, kalete maji."

Nikatoka, lakini sikuamini. Bibi hakuwa ameiona ile skrini.

Aliyeniaminisha alikuwa mamdogo Wegesa, mdogo wake mama, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta Nyakato, pale Musoma. Shule zilipofungwa nikapelekwa kwake nimsaidie kulea. Alikuwa mwanamke wa maneno mafupi, mtoto mgongoni, bisibisi mdomoni. Siku ya pili akaletewa mashine ya kutachi kutoka duka moja la dawa, nayo ya Linux. Nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Una nini wewe?"

Nikamweleza yote. Mkono, skrini, chumba, magoti ya mama. Alinisikiliza bila kutoa bisibisi mdomoni. Nilipomaliza akaitoa akaniuliza swali moja tu. "Jina la kampuni, lile linaloandikwaga kwenye fremu, lilikuwa wapi?"

Nikafumba macho. "Juu. Na herufi zilikuwa zimelala chali."

"Ebo!" Mamdogo akacheka, halafu akaacha kucheka ghafla, akawa kama mtu aliyemeza mfupa. "Wakuru, njoo hapa. Weka mkono wa kushoto kwenye hii."

Nikaweka. Ikatii. Akaingia kwenye mipangilio akaigeuza picha juu chini, akaniambia niguse tena. Ikanikimbia kinyume, kama ya Bunda. Akagusa yeye kwa mkono wa kulia, ikamkimbia vile vile.

"Umeona? Picha imegeuzwa, tachi haijaambiwa. Ukigeuza kitanda usimgeuze mlalaji, miguu inalala kwenye mto. Aliyewafukuza ndiye aliyeharibu, na si kuharibu hata, ni uvivu wa dakika tano."

Dakika tano. Mama yangu alikuwa analima mihogo ya watu kwa ajili ya dakika tano za mtu. Sijui niwaeleze vipi nilichosikia. Watu wanasema hasira inawaka. Yangu haikuwaka, ilitulia. Nikamwambia mamdogo, "Nifundishe."

Akanifundisha. Unafungua dirisha jeusi. Unaandika amri ya xinput ikupe orodha ya vitu vyote vinavyopokea mikono ya watu, kibodi, mausi, tachi, kila kimoja na namba yake. Ukishaipata ya tachi, unaiandikia namba tisa zinazoiambia juu ni chini na kushoto ni kulia. Hasi moja, sifuri, moja. Sifuri, hasi moja, moja. Sifuri, sifuri, moja. Nilizikariri kama wimbo wa kuchota maji. Likizo nzima nilikuwa naigeuza ile mashine ya duka la dawa na kuirekebisha, mpaka mwenyewe akaja kuulizia kwa nini haiponi.

Na mamdogo akaniambia jambo la mwisho. "Hii amri ni ya kupita. Mashine ikizimika inaisahau, ni kama kunawa uso, ukilala asubuhi unanawa tena. Ukitaka ikumbuke kila ikiamka, uandike kwenye faili la mfumo, na hapo utahitaji nenosiri la mkubwa wa mashine."

Nikayashika yote mawili. La kwanza kwa ajili ya skrini, la pili kwa ajili ya Meneja.

Nafasi ikajileta. Mwaka haujaisha, mtu akaja Butiama na ujumbe kutoka kituoni. Wafadhili wanakuja na kamati nzima ya kituo, na waliochukua jiko baada ya mama walikuwa wanapika ugali wa madonge. Meneja anaomba Mama Wakuru aje apike siku hiyo moja. Moja tu! Bibi alitema mate chini. Mama akafikiri, akasema, "Nitakwenda. Simpikii yeye, nawapikia wageni." Nikamwambia twende wote, nitamenya vitunguu.

Tulifika asubuhi. Mama akaingia jikoni, mimi nikavua viatu mlangoni nikaingia chumba cha kompyuta. Meneja alikuwa mbele ya kizimba, jasho limeloanisha kola. Miezi yote hiyo walikuwa wanatumia mausi, na sasa wafadhili walitaka kuona watoto wanatachi.

"Shikamoo Meneja. Naweza kuirekebisha."

"Wewe? Uliyeiua?"

"Ndiyo mimi. Nipe kibodi na dakika tano."

Angenifukuza, lakini simu yake ikalia, wageni wamefika Nyamuswa, hawako mbali. Akanisukumia kibodi. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika, nikahesabu namba zangu tisa mdomoni, nikabonyeza. Nikamwambia aguse. Akapenyeza vidole vyake kwenye nondo, kamshale kakaja kwenye kidole kama mbwa aliyeitwa. Hakusema asante. Alisema, "Toka, nenda jikoni kwa mama yako, wageni wasikukute humu." Nikatoka. Faili la kudumu sikuliandika. Sikulisahau.

Wageni wakaja, nyimbo zikaimbwa. Mimi nilisimama dirishani upande wa nje. Meneja akagusa KARIBU, picha zikafunguka, watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akauliza, "Tuliambiwa hii ilikufa?"

"Ilikufa, Mama Mwenyekiti. Kuna mtoto mmoja mtukutu aliiharibu. Nimehangaika nayo mwenyewe usiku na mchana, leo mnaiona."

Hapo alijichimbia kaburi. Sikuwa na haja ya kusikia zaidi. Umeme wa kile chumba ulikuwa unatokea jikoni, kwenye soketi moja nyuma ya magunia ya unga. Nikaingia. Mama alikuwa anasonga ugali, mgongo umenielekea. Nikapitisha mkono nyuma ya magunia.

"Wakuru, unafanya nini?"

"Mama, usiniulize."

Akageuka. Akaniangalia mimi, akaangalia mkono wangu kwenye swichi, akasikiliza sauti ya Meneja ikitokea kule ndani. Kisha akarudi kwenye chungu chake. "Mimi nasonga ugali," akasema. "Sijaona kitu."

Nikazima. Nikahesabu mpaka kumi, nikawasha.

Niliporudi dirishani mashine ilikuwa inaamka na Meneja anawachekea wageni, "Umeme wetu huu, mnaujua." Akagusa KARIBU. KARIBU ilikuwa juu kushoto, na upande wa pili kabisa, chini kulia, kulikuwa na ZIMA. Mashine ikamuuliza katikati ya skrini kama anataka kuzima. Akagusa HAPANA ya kushoto, ikapokea NDIYO ya kulia. Ikazima pu! Akaiwasha, akarudia, ikazima tena. Mara ya tatu wanafunzi walikuwa wameziba midomo na mfadhili mmoja anatazama viatu vyake. Nitasema ukweli, ile ilikuwa tamu. Tamu kuliko asali ya nyuki wadogo, na ningeweza kusimama pale mpaka jua lizame.

Macho yake yakanipata dirishani. "We, njoo," akasema kwa sauti ndogo.

Nikavua viatu, nikaingia. "Naweza kuitengeneza, na isirudie tena. Ila kwanza naomba Meneja aseme nani aliyeigeuza skrini."

"Mtoto gani huyu?" akauliza Mama Mwenyekiti.

"Ndiye mtukutu," nikamjibu. "Mama, hebu soma jina la kampuni hapo kwenye fremu."

Akasogeza miwani, akainamisha shingo mpaka kilemba kikataka kuanguka. "Mbona limelala chali?"

Nikaeleza kwa maneno ya mamdogo, kitanda na mlalaji, na nikamwambia kwamba ile skrini iligeuzwa na mchomeleaji, mbele ya Meneja, siku moja kabla mimi sijaigusa. Mama Mwenyekiti akamgeukia. "Meneja, jibu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

"Ilikuwa… nia ilikuwa ulinzi, Mama."

"Sikuuliza nia."

"Ni mimi niliyesema igeuzwe."

"Ulijua?"

Akazishika kalamu zake mfukoni. "Nilijua jioni ile ile."

Nilitaka isiishie hapo. Nikaomba mama aitwe. Akaja na unga mpaka kwenye viwiko, akasimama mlangoni, hakuvua viatu. Na Meneja, mbele ya wafadhili, kamati na wanafunzi wale wale waliouona mkono wangu juu, akasema, "Mama Wakuru, nilimsingizia mtoto wako." Kisha ikabidi apige magoti apenyeze mikono kwenye nondo aniandikie nenosiri, maana kibodi alikuwa ameificha chini ndani ya kizimba wageni wasiione. Nikageuza uso asidhani naiba, nikaandika faili langu kwa mkono wa kushoto, taratibu, bila haraka yoyote, yeye kapiga magoti pembeni yangu. Mashine ikazimwa, ikawashwa, ikatii. Nasikia haikusumbua tena mpaka ilipokufa kwa uzee.

Kamati ikamrudishia mama kazi na chumba pale pale. Nilitegemea akatae. Nilitaka awatupie ule ufunguo. Mama akaupokea, akashukuru, akaenda kuipua chungu chake. Nilimfuata jikoni nalia kwa hasira. Nikamwambia kwamba hawezi, kesho atamkorogeaje uji yule mtu?

"Nitamkorogea," akasema. "Wewe umemlipa siku moja, kwa kelele, na umefanya vizuri. Sasa niachie mimi."

Sikumwelewa. Kesho yake saa nne nikasimama jikoni nikaangalia. Mama akawapa wanafunzi vikombe vyao, kisha akampelekea Meneja chake, akasimama mbele yake mpaka ainue macho, akamwambia kwa upole ule wa kuua, "Karibu uji, Meneja." Meneja akanywa funda la kwanza, akachungulia ndani ya kikombe, akanywa la pili. Tulikaa kituoni miaka sita zaidi. Kila asubuhi ya miaka hiyo mama alitia sukari kwenye uji wa watu wote, kikombe cha Meneja hakukitia hata punje, na Meneja hakuwahi kuthubutu kuiomba.